Bomba la Viganja Viwili

Kitendawili! Ng'ombe wangu hakamwi na mtu mmoja, mpaka mume na mke waje pamoja. Umeshindwa? Basi nipe mji nikwambie: ni bomba la maji la zama hizo, ambalo halikutoa hata tone mpaka wanandoa wapandanishe viganja vyao juu yake.

Mwanahawa alikuwa mjane, na ndoo zake zilikauka mpaka zikapasuka. Ndipo akaolewa na Mbaruku, yule yule aliyemwacha kwenye mataa ujanani. Kila asubuhi Mbaruku aliweka kiganja, Mwanahawa akaweka chake juu, maji yakatoka, kila mtu akashika njia yake. Siku ya kwanza Mbaruku aliuliza, "Hawa, bado unanipenda?" Mwanahawa akajitia kusuuza ndoo.

Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba sasa kiganja kimoja kinatosha. Mwanahawa akatoka uani, akamkuta Mbaruku anakinga maji peke yake, begi lake limesimama kando.

"Umesikia?"

"Nina masikio, bwana wee."

"Basi nikujazie ndoo, kisha nikuondokee. Labda uwe na neno."

Mwanahawa akaweka kiganja chake juu ya kile cha mumewe, kwa mazoea tu. Akangoja moyo ushtuke. Hakuhisi kitu ila baridi ya bomba. Ndoo ikajaa, ikafurika hadi miguuni, na mkono hakuutoa.

"Lile swali lako," akasema. "Sikupendi, Mbaruku. Haya, sogeza ndoo ya pili."