Mwendo wa Gari la Maiti

Wateja wa Shedafa walitaka jambo moja tu: achomeke waya, aingie kwenye kompyuta ya injini, gari likimbie kuliko lilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo Mzee Mbelwa, dereva wa gari la maiti, aliposema lake lipunguzwe kasi, Shedafa alidhani anataniwa.

"Hata nisipokanyaga mafuta linawaacha watu," mzee alieleza. "Nikishika breki, jeneza linatikisika. Na wafiwa wanakuja kwa miguu nyuma yangu."

Shedafa akafungua laptopu magotini. "Watu hutembea mwendo gani?"

"Inategemea wanamzika nani. Wakimzika mzee, hutembea wakisimuliana vituko vyake. Wakimzika mtoto, hakuna anayetaka kufika. Kesho ni mtoto."

Shedafa alizitazama namba kwenye kioo cha laptopu, zisimwambie kitu. Akapunguza kasi, injini ikazimika. Akaongeza kidogo, ikanguruma kwa upole. Akamwomba mzee aliingize gari barabarani bila kukanyaga mafuta, yeye akafuata nyuma kwa miguu. Wakaenda sawa.

Mzee akatoa kichwa dirishani. "Hapo umetembea kama fundi. Tembea kama mzazi."

Shedafa akapunguza hatua. Gari likaanza kumwacha, na alipolitazama likienda hakutaka kabisa kulifuata.

Kando ya barabara, mchoma mihogo aliacha jiko lake, akavua kofia, akaja kutembea pembeni yake bila kuuliza ni nani aliyekufa.