Stendi Isiyoyumba

Mama yule aliisukuma stendi ya kwanza ya chuma kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, utadhani ana ugomvi nayo. Stendi ikayumba kidogo. Akaiacha, akaenda kwenye ya pili.

Castory, fundi wa kuchomelea vyuma pale Gungu, alizima mashine, akavua miwani yake myeusi na kumtazama vizuri. Wateja wake wa stendi za mawe walikuwa wanaume wenye maduka, funguo za gari zikining'inia vidoleni. Huyu alikuwa na kitenge kilicholowa maji ya ziwa upindoni, na chini ya kilemba kichwa chake kilikuwa kimenyolewa karibuni.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, baba. Natafuta ya kuwekea mabamba ya marumaru. Yale makubwa ya dukani."

"Umefika mahali pake. Unatokea wapi?"

"Mwamgongo. Nimeshuka na boti ya asubuhi."

"Na huko kwema?"

"Kwema kidogo. Ziwa limefungwa, hakuna kuvua. Vijana wote wamekimbilia huku kutafuta vibarua. Unamkataza leo, kesho unasikia kapanda boti."

Castory alijua vizuri kwamba Mwamgongo hakuna duka la marumaru. Lakini kile kichwa kilichonyolewa kilimjibu kabla hajauliza. Mjane huyu. Marehemu kaacha duka mjini, na bila shaka shemeji zake wameshaanza kulikodolea macho. Castory alikuwa hodari wa kumsoma mteja, na sifa hiyo alijipa mwenyewe.

"Aliyekuwa kwenye kazi hii ya mawe," aliuliza kwa upole, "ndiye mliyemzika?"

"Ego," mama akaitikia kwa Kiha. "Ndiye."

"Pole sana, mama. Mungu ampumzishe."

"Asante, baba. Nionyeshe."

Akamwonyesha stendi ya pande mbili, iliyochongoka juu mithili ya paa, ambayo mawe huegemea huku na huku. Akamwonyesha na ile aliyoipenda yeye mwenyewe, yenye taa, ambayo mteja hufunua jiwe moja baada ya jingine kama anafunua kurasa. Akawasha taa. Marumaru nyeupe ikang'aa, mishipa yake ya kijivu ikajitokeza, na Castory akasubiri kusifiwa. Mama alikuwa amechuchumaa, anapapasa miguu ya stendi.

"Anayetoa jiwe anasimama wapi?"

"Hapa mbele."

"Na yakianguka, huyo wa mbele anapata nafasi ya kukimbia?"

Swali hilo Castory hakuwahi kuulizwa. Watu humuuliza bei, humuuliza rangi.

"Kusema kweli, hapati. Jiwe moja tu, wanaume wanne wanalibeba wakihema."

"Hata akiwa kijana? Mwenye mbio?"

"Hata huyo, mama."

Akabaki amechuchumaa vilevile, mkono umeshika chuma. Castory alimwonea huruma. Akaona amchangamshe, maana kwa maneno hakuwa bahili.

"Afadhali wewe unauliza. Kuna jamaa mmoja Mwandiga anaitwa Martini, ana duka la mawe zuri ajabu. Mwaka jana alikuja hapa, akazizunguka stendi zote hizi, akacheka. Eti ukuta wake unamshikilia mawe bure, haujawahi kumdai hata senti!"

Akacheka. Mama hakucheka. Alisimama, akakung'uta kitenge, akanyoosha kidole kwenye kona ya nyuma.

"Na ile?"

"Ile? Mbaya ile, mama. Sijaipaka hata rangi. Nzito, itakumalizia nafasi ya duka, na wateja hawataiangalia mara mbili."

"Lakini?"

"Lakini inafungwa sakafuni kwa bolti. Kila jiwe lina chumba chake, na chini kuna mpira wa tairi lisiteleze. Ukitoa moja, mengine hayana habari."

Mama akaiendea. Akaisukuma kwa mikono. Akaisukuma kwa bega. Mwisho akaigandamiza kwa mwili mzima, kandambili zikamteleza kwenye vumbi la chuma. Haikusogea. Basi akabaki ameiegemea hivyohivyo, shavu juu ya chuma, akalia bila sauti. Castory alitazama pembeni.

"Hii," mama alisema hatimaye.

Akafungua fundo la kitenge, akatoa bahasha iliyokunjwa, akamkabidhi bila kuifungua.

"Wewe ndiye unayejua bei yake. Ikibaki, ongeza bolti."

"Sawa, mama. Nije kukufungia wapi? Duka lenu liko upande gani?"

"Mwandiga. Kwa Martini."

Castory akatabasamu, akidhani anarudishiwa utani wake. Kisha akamwona usoni.

"Kwa Martini? Kakuuzia duka?"

"Duka ni lake, baba. Hata hiyo bahasha ni yake, rambirambi aliyoniletea siku tulipomzika mwanangu Dismasi. Ukuta haukuyashikilia mawe." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Kaifunge kabla ya Jumatatu. Jumatatu mdogo wa Dismasi anaanza kazi palepale alipokuwa anasimama yeye."