Chupa Yenye Jina la Kyengo

Dalmas alimsalimu Nduku kwa kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, havikunjiki.

"Usicheke, shem," alisema. "Tangu jana jioni sijiwezi."

"Leo nimemvalisha shati kama mtoto wa nasari," alisema Idah, mkewe, akimsogezea mgeni stuli. "Kila kifungo, analia. Bingwa wangu huyo."

"Bingwa ni Kyengo. Mimi ni namba mbili."

Nduku aliketi. Chumba chao katika mtaa wa Kiandutu kilikuwa kidogo hata magoti yake yakagusa kitanda. Alikuwa ametoka kanisani moja kwa moja, na katika mahubiri yote hakusikia neno hata moja.

Kyengo alikuwa mchumba wake. Jana, pale Kamakis, alimshinda Dalmas kunyanyua vyuma mbele ya watu waliokuwa wakila nyama choma, na jimu mpya ya Ruiru ikampa kazi waliyokuwa wakiigombea wote wawili: kufundisha wanachama, kwa mshahara, kuanzia kesho. Kesho hiyohiyo Dalmas angerudi machimboni kupakia mawe kwenye malori.

"Nimekuja kukuambia kitu," Nduku alisema. "Ukishanisikia, ukitaka nenda Ruiru ukawaambie. Sitakana."

Idah aliacha kumimina chai.

Nduku alianza na yale waliyoyajua. Mradi wake wa mwisho wa diploma ya lishe aliufanyia katika jimu ya vijana wa mtaa huo, ambapo vyuma ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji. Alitaka kujua kama juisi ya matunda humsaidia mtu anayenyanyua vitu vizito apone maumivu ya misuli upesi. Nusu ya vijana walipewa juisi ya komamanga. Nusu walipewa maji yenye sukari, ndimu na rangi nyekundu. Ladha ilikaribiana, chupa zilifanana, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe. Mwalimu wake ndiye aliyepiga kura nani apate nini. Nduku alizijaza, akaziacha jimu jioni, akapita baadaye kuchukua zilizo tupu.

"Kura ilikupa wewe komamanga," alisema. "Kyengo akapata ile ya rangi."

"Sawa."

"Nikazigeuza."

Idah aliweka birika chini.

"Tangu siku ya kwanza. Ya kweli niliitia kwenye chupa ya Kyengo, ya rangi kwenye yako. Mashindano yalikuwa yanakuja, na sisi tunataka kuoana Desemba. Nikajiambia, juisi ni juisi tu, haiwezi kumwangusha mtu. Halafu jana nikaona mikono yako ikitetemeka kwenye ule uzito wa mwisho."

Kila jioni Dalmas alifika jimu akitoka kazini, vumbi la mawe likiwa bado kwenye nyusi, na kila jioni alisema, "Asante, daktari." Hakuwa daktari. Lakini ile asante ndiyo iliyomnyima usingizi.

"Kyengo anajua?" Idah aliuliza.

"Hajui. Yeye hana kosa lolote, nawaomba mlikumbuke hilo. Hata hakuona faida ya haraka. Nilikuwa namwona akishuka ngazi kinyumenyume kwa sababu ya maumivu ya mapaja, nikasema labda juisi inataka muda."

"Kwa hiyo mume wangu amekuwa akinywa rangi."

"Ndiyo, Idah."

"Na mimi nikawatangazia majirani kwamba ngozi yake inang'aa kwa sababu ya matunda ya chuo."

Hakuwa anatania, au labda alikuwa anatania. Nduku hakuthubutu kumtazama. Aliinamisha kichwa akangoja. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa, na hata kumweleza Kyengo usiku huo kwa nini hana kazi tena. Kitu kimoja tu kilimpa nguvu ya kukaa pale: alichokifanya kilikuwa kibaya, lakini alikifanya kwa ajili ya mtu anayempenda, na mtu huyo mikono yake ilikuwa safi.

Dalmas alimtazama mkewe, kisha mlango, kisha mkewe tena.

"Kyengo alinikataza nisikuambie," alisema.

"Usiniambie nini?"

"Siku ile ya kwanza, ulipotoka tu, alinipa chupa yake akachukua yangu. Ikawa hivyo kila jioni mpaka mradi ukaisha. Nilikataa, akanishinda kwa maneno, unamjua. Akasema mimi ndiye natoka kupakia mawe, kwa hivyo mwili wangu ndio unaohitaji ile ya kweli."

Nduku aliinua kichwa polepole. "Lakini hakuna aliyewaambia ya kweli ni ipi. Yeye angejuaje?"

Dalmas alishusha sauti, kama mtu anayemficha mgonjwa habari.

"Alisema, 'Namjua Nduku. Kura iseme isemavyo, ya kweli itakuwa kwenye yangu.'"