Kibati cha Namba Tisa

Waya wa kwanza ulikubali kwa kucha. Wa pili mwanamke aliufungua kwa meno.

Mwokaji mikate alikuwa uani akichagua kuni. Mbele ya tanuri lake bata mzinga wa watu walikuwa wamepangwa kwenye sinia, kila mmoja amefungwa ndani ya foili, mguu mmoja nje, na mguuni kibati cha namba kilichofungwa kwa waya. Kila sikukuu nusu ya mtaa huleta ndege wao hapa, maana jiko la nyumbani halina tumbo la kumeza bata wa kilo tisa. Namba tisa alikuwa wa mwanamke huyo. Namba kumi na nne alikuwa wa wifi yake. Kufumba na kufumbua, tisa ikawa kumi na nne, na kumi na nne ikawa tisa.

Alikuwa karani wa posta, dirisha la vifurushi, mwaka wa kumi na mbili sasa, na jambo hili alilijua kuliko mtu yeyote: mzigo ni wa yule aliyeandikwa juu yake.

"Umekuja kumuaga?" mwokaji akamtania, akirudi na kuni.

"Nimekuja kumwombea," akasema, akaenda zake na ladha ya waya mdomoni.

Miaka saba! Tangu aolewe, kila sikukuu bata wawili huletwa mezani kwa mama mkwe, wake na wa wifi, na watu thelathini hutazama. Mama mkwe huchoma uma kifuani mwa kila mmoja, huunusa, hufumba macho, kisha huelekeza kisu. "Huyu ndiye wa meza." Na kila mwaka huyo huwa wa wifi. Wa pili hufunikwa akapelekwa chumbani kwa mama mkwe, eti wa akiba. Akiba gani? Wiki ikiisha karani hukuta mifupa mitupu kwenye pipa la taka, imeng'aa, akajua mbwa wa jirani wameshiba jasho lake.

Na jasho lilikuwa jasho kweli. Bata wake alilala siku mbili katika maji ya chumvi na limau, akapakwa siagi na kitunguu saumu chini ya ngozi, taratibu, kama mtoto mchanga. Wifi je? Wifi ana saluni. Mkesha mzima wa sikukuu yuko juu ya vichwa vya watu. Bata wake anamwandaa saa ngapi? Hapo ndipo roho ilipomuuma karani. Asiyehangaika ndiye anayesifiwa! Hakuwahi hata kuonja kipande cha bata wa wifi. Kila akinyanyua uma, aliurudisha sahanini. Aliwaona tu watu wakitafuna na kushushia maji, jagi baada ya jagi, huku mama mkwe akisema, "Mkono wa binti yangu huo!" Mwenyewe hagusi nyama. Husema ameshiba kwa kuwaona wanawe.

Mwaka huu karani alimfuata wifi mpaka kwa mfugaji, akajibanza nyuma ya banda. Wifi alipokwisha kuchagua na kuondoka, naye akaingia.

"Nipe ndugu yake yule," akasema. "Uzito uleule, kifua kilekile."

"Hata kucha nitakupimia, mama," mfugaji akacheka.

Mchana wa sikukuu meza ikaandaliwa. Wifi akaingia na sinia ya namba kumi na nne, kichwa juu, nywele zimepangwa.

"Wifi, mwaka huu usininunie," akasema.

"Nikununie kwa lipi, wifi yangu?" karani akajibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba alimaanisha.

Mama mkwe akachoma uma, akanusa, akafumba macho. Kisu kikazunguka hewani kidogo, kikatua kwenye sinia ya wifi.

"Huyu ndiye wa meza."

Karani akaitazama sinia ile. Amemwibia mwenzake bata, na bado mwenzake ameshinda, tena kwa bata wa nani? Watu wakaanza kula. Jagi la maji halikuguswa. Shemeji yake mmoja alivunja mfupa akaufyonza mbele za wakubwa bila haya. "Leo umejipita!" wakamwambia wifi, na wifi akalamba vidole vyake, akavitazama kama vya mtu mwingine.

Karani angesema nini? Mwizi hana pa kushtaki. Alikaa akitabasamu, wivu ukimtafuna, akajua kwamba kwa mama yule yeye atabaki mtoto wa watu mpaka siku ya kuzikwa. Wala si ulimi uliokuwa ukichagua miaka yote hiyo, ni damu.

Wageni walipohamia sebuleni, mama mkwe akamwita chumbani.

Alimkuta amekaa kitandani, taulo kifuani, sinia ya namba tisa mapajani. Paja moja la bata lilikuwa limeng'atwa mara moja tu. Kando yake palikuwa na jagi la maji, tupu.

"Funga mlango," mama mkwe akanong'ona. "Miaka saba namvika mwanangu kilemba cha ukoka mbele za watu, ili wako nibaki naye peke yangu. Sasa huyu wa leo, mkwe wangu, umempika kwa mkono wa nani?"