Mlango wa Rasini

Bahari ilikwisha kula jiko na ukumbi. Zaharani akaung'oa mlango wa nyumba ya mamake pamoja na fremu yake, kama marehemu babake alivyowahi kufanya rasi ilipomegeka. Akausimika nyuma ya vilima vya mchanga, kwenye kiwanja kitupu.

"Mama, twende mjini tu. Hata hivi vilima vinahama."

Bi Mwanatumu alivua viatu, akagonga.

"Hodi!"

Kuta hazikuwepo. Zaharani alisitasita, kisha akauzunguka mlango, akasimama upande wa ndani.

"Hodi, nimesema!"

"Karibu, mama."

Akaingia kwa mguu wa kulia.

"Funga basi, mchanga unaingia."

Zaharani akafunga. Upepo ukavuma kutoka vilimani, na chembe za mchanga zikaanza kugonga mlangoni.