Kakakuona na Ajenda Namba Saba

Ajenda Namba Saba: Ufafanuzi na Asili ya Neno "Mwamuzi" kwa Matumizi ya Viwanjani.

Korongo, msomi na mwenyekiti wa kikao cha kanuni za mchezo, aliisoma kwa sauti kando ya uwanja. Mechi ilikuwa ikichezwa bila msimamizi, kwa kuwa kanuni zilikataza kumteua yeyote kabla cheo chake hakijafafanuliwa.

Ngiri, mwepesi wa hasira, alidai amefunga bao.

"Mpira haukuvuka mstari, bwana mkubwa," alisema Digidigi, kipa. "Nilikuwa nao hapa kifuani."

"Mimi unaniita mwongo?" Ngiri akainamisha kichwa, akambana kwa meno yake kwenye nguzo ya goli.

"Mheshimiwa, atamuua!" alisema Kakakuona, ambaye kwa haya zake hakuwahi kufungua mdomo kikaoni.

"Nyoosha mkono kwanza, ndugu," alisema Korongo. "Bado tuko kwenye asili ya neno. Wengine wanasema ni mtoa hukumu, wengine ni mwenye filimbi."

"Kwetu wazee walisema kuamua ni kuwatenganisha wanaopigana."

"Una ushahidi wa maandishi?"

Kakakuona hakuwa nao. Alikwenda kwa mwendo wake ule ule wa polepole hadi golini, akajipenyeza katikati yao, akajiviringisha. Ngiri alimpiga yeye badala ya Digidigi, akapiga tena na tena, mpaka pumzi zikamwishia.

Kumbukumbu za kikao zinaeleza kwamba suala liliahirishwa kwa kukosa ushahidi. Kakakuona alivunjika magamba kumi na moja, na Digidigi alirudi kwa watoto wake akiwa hai.