Hamu ya Mama

Kila mtoto wa kidato cha sita huhamishiwa hamu ya mzazi mmoja, imsukume mpaka mtihani. Kidawa alipewa ya mama yake, akawa hachoki kusoma. Ila nyumba iliyokuwa haikauki wageni ikapoa kama chai ya jana. Na watu husema hamu hairudi yote.

Leo jirani, Bi Saumu, kaingia mbio. "Shoga, hujasikia? Mishi karudiana na yule mume aliyemtupia masufuria barabarani!"

Zamani mama angeutupa ungo, adai habari toka mwanzo. "Kheri," alisema, akaendelea kupepeta mchele.

Kidawa alitamani kufunga kitabu, amkumbatie mama, amrudishie hamu yake hata leo. Machozi yalimlenga. Mkono wake ukafunua ukurasa mwingine.